Muulize Mwalimu: "Kaulize Hayo Kwenu"

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kaunti yetu ya Nakuru, na ile ya kwanza niliisoma mara tatu kabla sijashika kalamu. Nimeipa nafasi kubwa kuliko zote. Walioniuliza kuhusu karo na hati za mashamba wanivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Hujambo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Vihiga, na tumepanga huku Lanet tangu 2017. Mume wangu ni makanika, mimi nashona nguo. Juzi tuliitwa ukumbini kutoa maoni kuhusu miradi ya kaunti. Nikainuka nikauliza kwa nini barabara yetu haipitiki mvua ikinyesha, na kwa nini mfereji unatoa maji siku moja kwa wiki. Sijamaliza, mwanamume mmoja aliyeketi nyuma akapaza sauti: "Wewe si wa huku. Kaulize hayo kwenu." Watu wakacheka, na aliyeongoza mkutano akaita mtu mwingine. Nikaketi, nikaondoka kabla ya maombi ya kufunga. Nauliza, yule mtu alikuwa na haki? Maana ni kweli sina ploti hapa, na kura yangu iko nyumbani. — Mpangaji, Lanet

JIBU: Dada yangu, hakuwa na haki. Na aliyeongoza mkutano alikosea zaidi yake, kwa sababu kulinda nafasi yako ya kusema ndiyo kazi iliyompeleka pale.

Jambo hili sikulijua kwa kusoma sheria. Agosti 2019 nilikuwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi, yaani kamati ya majirani ya usalama, ya upande wetu, nikaombwa kumtembeza karani wa sensa. Alikuwa msichana, umri wa binti yangu wa mwisho, amevaa jaketi la kumetameta na tableti mkononi. Sensa ile ndiyo ya kwanza nchini kufanywa bila makaratasi. Ilikuwa usiku wa Jumamosi tarehe 24 kuamkia Jumapili. Baa zilikuwa zimeamriwa kufungwa saa kumi na moja jioni, kwa hiyo karibu kila mlango tuliobisha ulikuwa na mtu.

Tuliingia ploti moja yenye vyumba kumi, vitano vinatazamana na vitano, kamba za nguo katikati, choo na bafu mwishoni. Chumba cha kwanza walikuwa mume na mke kutoka Kisii na mtoto mchanga. Cha pili, vijana wawili wa Kitale wanaofanya kazi ya mjengo. Cha tatu, nyanya Mkikuyu analea wajukuu. Cha nne, mama Mkamba muuza mitumba. Cha tano, kijana Mkipsigis anayesomea uuguzi, vitabu vimepangwa juu ya jeri ya maji kwa kukosa meza. Kila mlango yule msichana alianza na swali lilelile: nani wanalala hapa usiku huu? Hakuuliza shamba ni la nani. Chumba cha sita alikaa mzee fundi viatu, akasema, "Mimi niandike Siaya. Huku niko kwa kazi tu." Msichana hakubishana naye. Akamuuliza, "Baba, usiku huu unalala wapi?" Mzee akatazama kitanda chake, akasema, "Hapa." Akaandikwa hapa.

Swali la kabila nalo lilikuwemo. Katika chumba cha nane baba alikuwa Mluo na mama Mkikuyu, na walipofika kwa binti yao wa miaka kumi na sita wazazi wakatazamana. Binti mwenyewe ndiye aliyejibu: "Andika Mkenya." Karani akaandika.

Sasa twende kwenye hesabu. Sensa ile ilipata watu 2,162,202 katika kaunti ya Nakuru. Ni Nairobi na Kiambu tu zilizotupita. Mwaka 2009 tulikuwa 1,603,325, yaani kwa miaka kumi tuliongezeka watu 558,877, zaidi ya theluthi ya waliokuwepo. Wengine walizaliwa hapa, na wengine walishuka steji na begi na godoro kama wewe na mumeo. Idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vinavyotumika kugawia kaunti fedha kutoka hazina ya taifa. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Nakuru ulipita shilingi bilioni 13, wa pili kwa ukubwa baada ya Nairobi. Wewe, mumeo na watoto wenu mmo ndani ya hesabu hiyo. Haiwezekani uhesabiwe hapa ili pesa zije, halafu ukitaka kujua zimeishia wapi utumwe Vihiga.

Umesema watu walicheka. Mimi neno hilo "kwenu" siwezi kulicheka. Mwaka 1992 nilikuwa mwalimu kijana upande wa Molo, darasa la tano, wakati wa vita vya kikabila. Neno madoadoa ndipo nililisikia kwa mara ya kwanza, watu wakiitwa doa kwenye ardhi waliyolima miaka yote. Shule ilipofunguliwa tena nilifungua rejista nikaanza kuita majina kama kawaida. Jina moja linaitikwa, mawili kimya. Nikafika kwa msichana mmoja aliyekuwa akiketi dawati la mbele, mwandiko wake mzuri kuliko wa darasa zima. Kimya. Jirani yake wa dawati akaniambia, "Walienda kwao, Mwalimu." Kwao wapi? Mama yake alijifungulia hospitali ileile niliyojifungulia mimi, pale pale Molo. Jina lake sikulifuta kwenye rejista mpaka mwaka ulipokwisha. Na baada ya uchaguzi wa 2007 tukayaona tena, uwanja wa maonyesho wa Nakuru umejaa mahema ya waliofukuzwa. Nchini kote walikufa zaidi ya watu 1,100. Kwa hiyo mtu akisema "kaulize kwenu" ukumbini, hata kama ni kwa mchezo, mwenye kiti anapaswa kumkomesha hapo hapo.

Sheria iko upande wako, na si lazima uikariri yote. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake waziwazi na liwashirikishe wananchi. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 88, inarudia hayo kwa kaunti hasa. Hakuna panaposema maoni ni ya wenye hati za ardhi. Na tena, kodi unayomlipa mwenye nyumba ndiyo inayomwezesha kuilipia kaunti ardhi yake, na kama cherehani yako iko dukani, leseni ya biashara inaingia mfuko huo huo.

Kuhusu kura nitakuambia ukweli ambao huenda usiupende. Haki yako ya kusema haitegemei kura, lakini mwakilishi wadi anajua kuhesabu. Mimi mwenyewe kwetu ni Ol Kalou, na kura yangu ilikaa huko miaka mingi kwa sababu niliona kuihamisha ni kama kuwasaliti wazee wangu. Machi 2013, ugatuzi ulipoanza, nilipanga foleni Ol Kalou nikamchagua mwakilishi wadi ambaye hajawahi kuniona hata siku moja, na yule wa wadi ninayolala hakuwa na sababu ya kunijua. Kabla ya uchaguzi wa 2017 nikahamisha. Makaburi ya wazazi wangu bado yako Ol Kalou na Krismasi bado naenda. Nenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge unaloishi ukiwa na kitambulisho, uombe kuhamisha kituo. Usingoje uchaguzi ukaribie, maana shughuli hiyo husimamishwa na watu hubaki mlangoni wakilalamika.

Jambo jingine ni mlango wa kubisha. Barabara ya mtaa, maji, taka, zahanati na shule ya chekechea ni mambo ya kaunti. Chifu ni wa serikali kuu. Watu wengi humpelekea chifu habari za mfereji, naye kwa heshima huwasikiliza, wakatoka wakidhani wamesikizwa na kaunti. Chifu ni wa usalama, vitambulisho, ugomvi wa majirani. Nyinyi wa Lanet mnajua zaidi yangu jinsi marehemu Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja alivyokuwa akituma ujumbe kwa Twitter, nao ukamfikia hata mwenye simu ndogo kama ujumbe wa kawaida: nyumba imevamiwa na wezi, kondoo amepotea, mkutano ni saa fulani. Ilipofika 2012 hata magazeti ya nje yaliandika habari zake. Lakini hata yeye hangekuwekea changarawe barabarani, hiyo haikuwa kazi ya ofisi yake.

Sasa wakati. Hapa ndipo wengi tunapokosea, na naomba usome polepole. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na watu wakiitwa kutoa maoni mwezi wa tano hukuta chakula kimeshaiva, kilichobaki ni kupakua. Barabara yako inapaswa kuingia mapema zaidi, kwenye Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao kaunti hutakiwa kuuwasilisha ifikapo tarehe 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla ya mwaka huo wa fedha kuanza. Katikati kuna waraka wa sera ya fedha, ambao mwisho wake ni tarehe 28 Februari, na hapo ndipo huamuliwa kila idara itapata kiasi gani. Kwa hiyo mtu anayetaka barabara huanza kutembea Julai na Agosti, wakati hakuna mkutano, hakuna hema wala soda.

Nenda na karatasi. Mwaka 2018 sisi wa upande wetu tuliandika ukurasa mmoja tu. Tuliandika barabara inaanzia wapi na kuishia wapi, ina nyumba ngapi, watoto wangapi wanaipita kwenda shule, na tukabandika picha mbili, moja ya kiangazi na moja ya mvua, bodaboda imezama hadi ekseli. Chini tukatia sahihi. Nilihakikisha sahihi zimetoka milango tofauti kabisa, mwenye ploti na mpangaji, Mkikuyu na Mkalenjin na Mturkana, ili asitokee mtu wa kusema ni maneno ya kundi fulani. Nakala moja tukampa msimamizi wa wadi, nyingine karani wa bunge la kaunti, na ya tatu tukaigongesha muhuri wa kupokelewa tukarudi nayo nyumbani. Muhuri ule ndio ulitusaidia mwaka uliofuata tulipoambiwa hakuna aliyewahi kuomba barabara hiyo. Nilitoa karatasi kwenye mkoba nikaiweka mezani. Changarawe ilimwagwa mwaka wa pili. Si lami, lakini gari la wagonjwa linapita.

Na mkutano mwingine ukiitwa, enda. Fika mapema, andika jina kwenye daftari la mahudhurio, keti viti vya mbele. Akitokea tena wa kukukatiza, usimjibu yeye. Mgeukie anayeongoza useme, "Mwenyekiti, naomba jina langu na swali langu viandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano," kisha usimame mpaka uone kalamu inaandika. Mchukue na jirani yako mmoja. Safari hii usiondoke kabla ya maombi.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nafundisha shule ya msingi hapa Kisumu. Watoto wangu wameniuliza kwa nini Nakuru ina watu wa kila kabila. Niwajibu nini kwa kifupi? — Mwalimu, Kisumu

JIBU: Waanzishe na kitu wanachokijua, reli. Reli ilipita Nakuru mwaka 1900 na kufika huko kwenu, wakati huo pakiitwa Port Florence, mwishoni mwa 1901. Nakuru ikatangazwa mji mdogo mwaka 1904, na mwaka huo huo Wamaasai waliokuwa wakichunga upande wa Naivasha na Nakuru wakasukumwa waondoke kwa mkataba, ardhi ikapewa walowezi. Walowezi hawakulima kwa mikono yao. Walileta Wakikuyu kama maskwota, yaani wakaishi shambani kwa kulifanyia kazi, Waluo na Waluhya kwenye reli na mashamba, Wakalenjin kuchunga na kulima, na Wahindi wakafungua maduka. Hata mitaa ya zamani ya mjini inaonyesha hayo: Bondeni ina msikiti wake na familia za Kinubi, na nyumba za reli zilijaa watu wa kutoka ziwani kwenu.

Baada ya uhuru mashamba makubwa yalinunuliwa na watu waliochanga hisa kidogo kidogo katika kampuni kama Ngwataniro, yakakatwa vipande. Shamba moja la mlowezi leo lina mamia ya ploti za futi 50 kwa 100. Kisha yakaja mashamba ya maua ya Naivasha, umeme wa mvuke wa Olkaria, kambi za jeshi Lanet na Gilgil, na Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939. Kila kazi mpya ilileta watu wake. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikapewa hadhi ya jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu yenu.

Usiwaache watoto bila kuwaambia habari za Waogiek wa Mau. Walikuwa msituni kabla ya reli na kabla ya walowezi, wakafukuzwa mara nyingi, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba serikali ilivunja haki zao. Kaunti yenye maeneo bunge 11 na wadi 55 huzungumza sana juu ya makabila makubwa, na Waogiek wa Nessuit na Mariashoni husikika kidogo mno. Wanafunzi wako wakijua hilo kabla ya kumaliza shule ya msingi, utakuwa umewafundisha vizuri.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nina diploma ya afya ya jamii, natoka kabila dogo hapa Nakuru. Nimeomba kazi ya kaunti mara nne bila kuitwa hata kwa mahojiano. Wazee wanasema kazi ni za wenye wengi. Kuna sheria yoyote ya kutulinda? — Kijana, Njoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Zipo mbili, zishike zote. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaitaka bodi ya utumishi, inapoajiri, izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Ile ya pili, Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, inakataza ofisi yoyote ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja.

Sheria hizi hazikupi kazi mkononi, na sitaki ukae ukingoja zikupe. Zinakupa swali la kuuliza. Iandikie bodi ya utumishi barua ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Uliza mambo mawili tu: katika tangazo fulani, la tarehe fulani, waliajiriwa wangapi, na wangapi kati yao hawatoki jamii iliyo kubwa zaidi. Usiulize majina, usilaumu mtu. Wana siku 21 za kukujibu. Siku zikipita kimya, peleka nakala ya barua yako kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Tume hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kufuatilia.

Na kabla ya hayo, hakiki stakabadhi zako. Wakati mmoja kijana wa mtaa wetu alilia kwamba amenyimwa kazi kwa sababu ya jina lake. Tulipokaa naye tukakuta hakuwa ameambatisha cheti cha usajili wa taaluma, ambacho tangazo lilikitaka wazi. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Mara nne bila kuitwa ni nyingi, na una sababu ya kuuliza. Ila barua yako itasimama imara ikiwa maombi yako hayakuwa na pengo hata moja. Jiungeni watatu au wanne wenye malalamiko kama yako, wa makabila tofauti ikiwezekana, kila mmoja aandike barua yake.

SWALI: Mwalimu, mtaa wetu wa Kiamunyi una watu mchanganyiko kabisa, lakini kila mkutano wa wakazi unaanza kwa Kiswahili na baada ya dakika kumi wakubwa wanaendelea kwa Kikuyu. Mimi ni Mluo, mke wangu Mnandi. Tunakaa tu tukitazama midomo. Tukilalamika tutaonekana wabaya? — Mkazi, Kiamunyi

JIBU: Ndugu yangu, mimi ni Mkikuyu, na kosa hilo nimelifanya. Nililifanya miaka mingi bila kuliona. Kwenye mikutano ya Nyumba Kumi yetu tulikuwa tukifika kwenye jambo la pesa au la mpaka wa ploti, ulimi unakimbilia nyumbani wenyewe, na wenzangu wanaitikia. Sikukusudia kumfungia mtu mlango. Lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu mmoja kutoka Turkana, mama mpole anayeuza makaa. Siku moja baada ya mkutano alinifuata hadi langoni akaniambia, "Mwenyekiti, leo nimechanga mia mbili. Naomba uniambie nimechangia nini." Nilishikwa na haya hata nikashindwa kujibu mara moja. Alikuwa amekaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki, akatoa pesa yake, na hakuna aliyemweleza.

Mkutano uliofuata nilifungua daftari nikaandika juu ya ajenda: Kiswahili tu. Nikawaomba radhi waliokuwa wamekaa kimya miezi yote hiyo. Wazee wawili walinung'unika kwamba kuna mambo hayasemeki kwa Kiswahili. Nikawaambia Kifungu cha 7 cha Katiba kinakiita Kiswahili lugha ya taifa, na jambo lisilosemeka kwa lugha ya taifa lisisemwe kwenye mkutano unaokusanya pesa za watu wote, likasemwe nyumbani. Ikachukua kama mikutano mitatu. Kila mtu alipoteleza, mtu mwingine aligonga kiti taratibu, naye anarudi.

Kwa hiyo ongea. Lakini usianzie mkutanoni mbele ya watu. Mwendee mwenyekiti nyumbani kwake, jioni, wewe na mke wako, mnywe chai, mumweleze kama mlivyonieleza mimi. Ikiwezekana mpate Mkikuyu mmoja wa kuwasindikiza. Wapo wengi wanaoona aibu juu ya jambo hili na wanangoja mtu wa kuanza. Akikataa kabisa, hapo ndipo uinue mkono mkutanoni, kabla ya ajenda ya kwanza, uombe lugha iwekwe kwenye kumbukumbu. Na kama mtaa wenu una katiba yake ya wakazi, itakuwa vyema kipengele hicho kiandikwe humo ili kisitegemee moyo wa mwenyekiti mmoja.

Mama yule wa makaa alisema kwa mara ya kwanza katika mkutano wa tatu. Alisema maji ya mvua yanaingia ploti za chini kwa sababu mfereji wa pembeni umezibwa na mtu aliyejaza udongo kupitisha gari lake, na hapo panahitaji kalavati. Sisi tulioishi pale muda mrefu hatukuwa tumeliona, kwa kuwa hatukai ploti za chini. Tulichanga, tukanunua kalavati mbili za zege, vijana wakachimba Jumamosi moja. Aliyekuwa amejaza udongo ndiye aliyeleta mkokoteni.